Kutoa bandama kwa matundu madogo kwa wagonjwa wa damu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, imejificha chini ya mbavu za kushoto, nyuma ya mfuko wa chakula. Kwa mtu mzima mwenye afya ina uzito wa gramu 150 hivi na urefu usiozidi sentimita 12 au 13. Huchuja damu, huondoa chembe zilizochakaa, na hukamata bakteria wenye ganda ambao kinga nyingine ya mwili hupata shida kuwakamata. Katika baadhi ya magonjwa ya damu kazi hiyo ya kuchuja hugeuka kuwa madhara: bandama hula chembe ambazo mwili bado unazihitaji. Hapo ndipo wazo la kuitoa huja.

Tangu Delaitre na Maignien wa Ufaransa walipoeleza mwaka 1991 jinsi ya kuitoa kwa kamera, njia ya matundu madogo imekuwa chaguo la kwanza kwa bandama yenye ukubwa wa kawaida au iliyovimba kiasi. Mgonjwa husikia maumivu kidogo, hupumua vizuri zaidi, na hurudi nyumbani siku ya pili au ya tatu, ilhali aliyepasuliwa tumbo wazi hukaa wadini karibu wiki.

Mwongozo huu ni wa timu nzima: daktari anayejifunza upasuaji huu chini ya bingwa, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa thieta, na daktari wa wilayani atakayempokea mgonjwa yuleyule akiwa na homa miaka mitatu baadaye. Huyo wa mwisho ndiye anayesahaulika zaidi. Familia ya mgonjwa isome sehemu ya chanjo na ile ya homa hata kama itaruka zote zilizo katikati.

Hatua ya 1: Hakikisha bandama ndiyo yenye kosa

Sababu ya kawaida zaidi kwa watu wazima ni ITP, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda kwa damu. Takribani theluthi mbili ya wagonjwa hawa hupata nafuu ya kudumu baada ya bandama kutolewa. Hata hivyo usikimbilie kisu. Subiri angalau miezi 12 tangu ugonjwa ugundulike, kwa kuwa baadhi hupona wenyewe na wengine huitikia dawa. Kabla ya kumwita mtu mgonjwa sugu wa ITP, pima VVU, homa ya ini B na C, na bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori. Uliza pia dawa anazotumia, kwinini ikiwemo, maana kwinini inaweza kushusha chembe sahani vibaya sana.

Jambo moja linastahili kurudiwa kila asubuhi wadini: bandama ya mgonjwa wa ITP kwa kawaida haipapasiki. Ukiigusa chini ya mbavu, shaka iwe kwenye utambuzi wenyewe. Anayetoka kando ya Ziwa Victoria huenda ana kichocho cha tumbo kilichoharibu ini na kupandisha shinikizo la damu katika vena ya ini, yaani ile inayopeleka damu ya utumbo na bandama kwenye ini. Anayetoka Baringo, Turkana au Pokot Magharibi apimwe kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaovimbisha bandama. Malaria ya mara kwa mara nayo huifanya bandama kuwa kubwa kupindukia, na hiyo hutibiwa kwa dawa.

Sababu nyingine ni hizi. Sferositosisi ya kurithi, ambapo chembe nyekundu huwa duara kama gololi na kunaswa ndani ya bandama: upasuaji huponya upungufu wa damu karibu kabisa, lakini mtoto asubiri hadi afike miaka 6 ikiwa hali inaruhusu. Mpime pia mawe ya nyongo kwa ultrasaundi. Yakiwepo, mfuko wa nyongo utolewe katika upasuaji huohuo. Upungufu wa damu unaoletwa na kinga kushambulia chembe nyekundu: bandama hutolewa dawa zikishindwa. Thalasemia, ugonjwa wa kurithi ambapo mwili hautengenezi himoglobini ya kutosha: hufikiriwa pale mahitaji ya damu yanapozidi takribani mililita 200 za chembe nyekundu kwa kila kilo ya uzito kwa mwaka.

Selimundu inahitaji maneno zaidi, kwa sababu Afrika Mashariki ina watoto wengi wenye ugonjwa huu. Kwa wengi wao bandama hujifia yenyewe utotoni na hakuna cha kutoa. Tatizo ni kwa wale ambao bandama hufyonza damu ghafla: mtoto anapauka, tumbo linajaa, himoglobini inashuka kwa 2 g/dL au zaidi ndani ya saa chache. Shambulio la kwanza hutibiwa kwa kuongeza damu kidogo kidogo, mililita 5 hadi 10 kwa kilo, kwa kuwa bandama ikilegea huirudisha damu iliyoishika, na aliyeongezewa nyingi hujikuta na damu nzito mno. Baada ya shambulio moja la kutishia maisha, au mawili ya kawaida, upasuaji hupangwa. Hufanywa mtoto akiwa ametulia, kamwe si katikati ya shambulio. Mzazi afundishwe kupapasa bandama ya mwanawe kila siku, na akiona imeshuka chini zaidi ya ilivyozoeleka, asisubiri kuche.

Hatua ya 2: Chanjo, angalau wiki mbili kabla

Panga tarehe ya chanjo kabla ya tarehe ya upasuaji. Zinazohitajika ni chanjo ya nimokoka (bakteria mkuu wa nimonia), ya homa ya uti wa mgongo, ya Hib (bakteria mwingine wa nimonia na uti wa mgongo), na ya mafua kila mwaka pale inapopatikana.

Kwa nimokoka, anza na PCV, ile wanayopewa watoto kliniki, kisha PPSV23, inayofunika aina 23 za bakteria huyo, isiyopungua wiki 8 baadaye. PPSV23 hurudiwa baada ya miaka 5. Watoto waliozaliwa miaka ya karibuni Tanzania na Kenya huwa wameshapata PCV na Hib kliniki, basi kagua kadi. Watu wazima wengi hawakuzipata. Chanjo ya uti wa mgongo ya makundi A, C, W na Y ndiyo ileile wanayochomwa mahujaji kabla ya safari ya Makka, kwa hiyo ukiikosa hospitalini ulizia vituo vya chanjo za wasafiri. Asiye na bandama hupewa dozi mbili zilizoachana kwa wiki 8, kisha nyongeza kila miaka 5.

Aliyepewa hivi karibuni rituksimabu, dawa inayoua chembe za kinga zinazotengeneza kingamwili, ni shida ya pekee: kwa takribani miezi 6 mwili wake hautengenezi kinga ya maana hata ukimchanja. Ndiyo sababu chanjo zitangulie rituksimabu kwa yeyote ambaye huenda siku moja akahitaji kutolewa bandama. Na ikiwa upasuaji ulikuwa wa dharura, chanja siku 14 baadaye. Usimruhusu aondoke bila tarehe hiyo kuandikwa.

Hatua ya 3: Pima ukubwa, amua njia

Ultrasaundi inatosha kwa wengi. Andika urefu kutoka ncha ya juu hadi ya chini. Chini ya sentimita 15, kazi ni ya kawaida. Kati ya 15 na 20, timu iwe na uzoefu. Zaidi ya sentimita 20, nafasi tumboni hubanwa, kuigeuza bandama kunakuwa kugumu na uwezekano wa kufungua tumbo huongezeka. Wengine hapo hutumia njia ya kuingiza mkono mmoja kupitia mkato wa sentimita 7 au 8, au hufungua moja kwa moja. CT skani huongezwa pale bandama ni kubwa sana au saratani inashukiwa.

Mwenye ini lililosinyaa na shinikizo kubwa la vena ya ini asifanyiwe kwa matundu madogo. Mishipa iliyotuna kuzunguka bandama yake huvuja kama chujio, na kamera ikifunikwa na damu hakuna kinachoonekana tena.

Hatua ya 4: Iandae damu

Kwa ITP, lenga chembe sahani zaidi ya 50,000 kwa kila mikrolita siku ya upasuaji. Prednisoloni 1 mg kwa kilo, au deksamethasoni 40 mg kwa siku 4, huwapandisha wengi. Pale inapopatikana, imunoglobulini (kingamwili) ya mshipani 1 g kwa kilo kwa siku moja au mbili hufanya kazi ndani ya siku 2 hadi 4, basi ipangwe kuendana na tarehe. Chembe sahani za kuongezewa zisitundikwe wadini asubuhi. Bandama itazila kabla mgonjwa hajafika thieta. Ziwekwe tayari, na zitundikwe baada ya ateri ya bandama kufungwa, tena ikiwa tu kuna damu inayovuja. Tumeona ni vema muuguzi aandike maneno haya juu ya mfuko wenyewe: BAADA YA ATERI.

Wapo waliokaribia 20,000 na kukataa kupanda kwa dawa yoyote. Hao bado wanaweza kupasuliwa na mikono yenye uzoefu, ila kila mtu ndani ya chumba ajue namba hiyo.

Aliyetumia steroidi kama prednisoloni kwa wiki kadhaa hupewa haidrokotisoni 100 mg mshipani wakati wa kulazwa usingizi, la sivyo presha inaweza kuporomoka bila sababu nyingine kuonekana.

Kwa selimundu, himoglobini ifikishwe karibu 10 g/dL kabla ya upasuaji, bila kuvuka sana hapo, kwa kuwa damu nzito huziba mishipa midogo. Dripu ianze tangu anapoacha kula ili asikaukiwe. Chumba kiwe na joto. Baridi, kiu na upungufu wa oksijeni ndiyo mambo matatu yanayoamsha maumivu na kifua cha selimundu, yaani shambulio la ghafla la mapafu.

Kwa mgonjwa ambaye kinga inashambulia chembe nyekundu, ijulishe maabara ya damu siku kadhaa mapema. Damu yake hugongana na karibu kila chupa inayopimwa nayo, na kutafuta inayofaa huchukua muda. Kwa wote, chupa 2 za damu ziwe zimeshapimwa na zipo jengoni.

Hatua ya 5: Kumlaza

Usingizi ni wa mwili mzima, na mpira wa kupumulia. Baada ya kulala, pitisha mpira wa puani wa kuingia mfuko wa chakula na unyonye hewa yote. Mfuko uliojaa hewa hufunika bandama na kuziba njia ya mishipa mifupi inayouunganisha na bandama. Sefazolini 2 g mshipani (mtoto 30 mg kwa kilo) itolewe ndani ya dakika 60 kabla ya mkato. Chembe sahani zikiwa chini, acha sindano za uti wa mgongo na sindano zote za msuli.

Mgonjwa alale ubavu wa kulia, upande wa kushoto ukiwa juu, mwili ukiinuliwa nyuzi 60 hadi 90. Kitanda kikunjwe katikati ili pengo baina ya mbavu na nyonga lifunguke, na kichwa kiinuliwe nyuzi 15 hivi. Weka mto chini ya kwapa la kulia, mwingine kati ya magoti, kisha mfunge kwa mikanda miwili. Mlazo huu hufanya nusu ya kazi: mfuko wa chakula na utumbo huangukia mbele kwa uzito wao, na bandama hubaki ikining'inia kwenye vishikizo vyake vya juu. Daktari na mshika kamera husimama upande wa tumbo la mgonjwa, skrini ikiwa ng'ambo karibu na bega la kushoto.

Kabla ya kunawa, kagua vitu vitano: mtungi wa gesi ya kutunishia tumbo na wa akiba, taa ya kamera, kinyonyaji kinachofanya kazi kweli, umeme wa akiba, na seti ya kufungulia tumbo ikiwa imehesabiwa na ipo mezani. Seti iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu anayevuja damu. Mchore pia, mgonjwa akiwa bado amelala chali, mstari wa mkato utakaotumika ikibidi kufungua, kwa sababu akiwa ubavu ngozi husogea.

Hatua ya 6: Matundu

Tundu la kwanza lifunguliwe kwa mkato mdogo huku ukiona kila tabaka. Lile eneo la chini ya mbavu za kushoto ambalo wengi huchoma sindano ya gesi katika upasuaji mwingine, hapa liepuke: bandama iliyovimba iko papo hapo.

Kwa kawaida tunatumia manne. La 12 mm kwa kamera, kati ya kitovu na mbavu za kushoto. La 5 mm chini ya kifua karibu na mstari wa kati, la mkono wa kushoto. La 12 mm mbele ya kwapa chini ya mbavu, la mkono wa kulia na stepla, kifaa kinachofunga mishipa kwa pini na kuikata. La 5 mm ubavuni, la msaidizi. Kwa bandama kubwa yote yasogezwe chini na kuelekea kitovu. Ukiyaweka karibu mno, vyombo vitagonga bandama kabla havijafika kazini. Gesi iwe 12 mmHg, kwa mtoto mdogo 8 hadi 10. Kamera yenye ncha iliyopinda nyuzi 30 ni ya lazima, maana ile iliyonyooka haioni nyuma ya mishipa.

Hatua ya 7: Tafuta bandama ndogo za ziada kabla hujagusa chochote

Mtu mmoja kati ya watano hadi kumi ana bandama ndogo ya ziada, kama harage jekundu la duara. Angalia pale mishipa inapoingia, kuzunguka mkia wa kongosho, kwenye utando unaounganisha mfuko wa chakula na bandama, kwenye utando wa mafuta, na karibu na utumbo mpana. Kuzitafuta kunafaa mwanzoni, kabla damu haijapaka kila kitu rangi moja. Iliyoachwa hukua, na ugonjwa wa damu hurudi baada ya miezi au miaka.

Hatua ya 8: Ilegeze kuanzia chini

Anza na kishikizo cha utumbo mpana kwenye ncha ya chini. Kikate kwa mkasi wa mawimbi ya sauti au kifaa cha kuziba mishipa, ukiuacha utumbo sentimita moja mbali na joto. Kisha geukia nyuma, kwenye utando unaoishikilia bandama kwenye figo. Hapa acha ukanda wa utando wa sentimita moja au mbili ukibaki upande wa bandama, kwa kuwa ndio mpini wako. Utashika ukanda huo kila unapotaka kuigeuza, na bandama yenyewe hutaishika kwa koleo hata mara moja. Isukume au uiinue kwa chombo kilicholala ubapa. Ganda lake huchanika kirahisi, na mchaniko mdogo unaovuja polepole huharibu mwonekano wa saa nzima inayofuata.

Sasa mbele: fungua utando kati ya mfuko wa chakula na bandama, ziba mishipa mifupi mmoja baada ya mwingine ukipanda juu. Ile ya juu kabisa ni mifupi mno, wakati mwingine milimita chache tu, na ndipo ukuta wa mfuko wa chakula huunguzwa. Tundu la kuungua halionekani siku ile. Hujitokeza siku ya tatu hadi ya tano, kwa homa na maumivu. Kaa upande wa bandama.

Vishikizo vya juu kwenye kiwambo cha kupumulia viache kwanza. Vinaishikilia bandama ikiwa imening'inia.

Hatua ya 9: Shina la mishipa

Hapa ndipo upasuaji huu hufaulu au huharibika, na hapa haraka haina baraka. Kwa watu walio wengi, takribani saba kati ya kumi, ateri hugawanyika mapema na kuingia bandama kwa matawi mengi yaliyotawanyika. Kwa waliobaki hugawanyika karibu kabisa na bandama, mishipa ikiwa imekusanyika pamoja. Aina ya kwanza ina matawi mengi lakini membamba, nayo huzibwa mmoja mmoja. Ya pili ni shina nene fupi linalofaa stepla.

Mkia wa kongosho uko ndani ya sentimita moja kutoka bandama kwa watu wengi, na kwa takribani theluthi moja unaigusa kabisa. Una rangi ya manjano iliyopauka kuliko mafuta ya kawaida na uso wenye vinundu vinundu. Usipouona, usifunge kifaa chochote. Kongosho likibanwa kwenye stepla, majimaji yake huvuja na kuozesha kinacholizunguka.

Kwa bandama kubwa, tafuta kwanza ateri kwenye ukingo wa juu wa kongosho na uifunge hapo kwa klipu au uzi. Subiri dakika 5 hadi 10. Vena bado iko wazi, kwa hiyo damu iliyomo hurudi mwilini na bandama husinyaa mbele ya macho. Kanuni haibadiliki: ateri kabla ya vena. Ukitangulia kufunga vena, bandama hujaa, hutuna na kupasuka.

Ukitumia stepla, chagua kaseti nyeupe ya mishipa yenye pini za 2.5 mm, urefu wa 45 au 60 mm. Pitisha taya ya chini nyuma ya shina polepole, geuza kamera na uhakikishe unaziona ncha zote mbili zimevuka mishipa. Funga, subiri sekunde 15, kisha fyatua. Kaseti mbili hadi tatu hutosha kwa kawaida. Kosa linalojirudia ni kufyatua juu ya klipu ya chuma iliyowekwa awali: stepla hukwama, kisu hukata nusu, na damu inafumka kutoka kwenye mshipa usiofungwa. Kwa hiyo pale unapokusudia kupitisha stepla, usiweke klipu.

Pasipo na stepla, na hospitali nyingi hazina akiba ya kaseti, kazi bado inafanyika. Chambua kila tawi, funga kwa klipu za plastiki zenye kufuli, mbili upande unaobaki na moja upande wa bandama, kata katikati. Kifaa cha kuziba kwa umeme kinafaa kwa mishipa isiyozidi 7 mm. Mnene kuliko huo ufungwe kwa uzi au klipu. Njia hii huongeza muda na hupunguza gharama sana.

Damu ikifumka

Usibane gizani. Sogeza kamera nyuma isichafuke, gandamiza kwa gozi au kwa bandama yenyewe, na umwambie mtaalamu wa usingizi kwa sauti. Subiri dakika 5 kwa saa ya ukutani. Mara nyingi ukiachia unaona mshipa mmoja mdogo unaozibika. Kinyonyaji kikishindwa kwenda sambamba na damu, au presha ikianza kushuka, fungua tumbo. Uamuzi wa kufungua ni sehemu ya upasuaji mzuri na usisubiri ruhusa ya fahari ya mtu.

Hatua ya 10: Mfukoni, kisha nje

Ingiza mfuko imara kupitia tundu la 12 mm, ukunjue chini ya bandama, kisha ndipo ukate vishikizo vya juu ili idondokee ndani. Vuta mdomo wa mfuko hadi nje ya ngozi. Tundu lipanuliwe kidogo, karibu sentimita mbili. Bandama ivunjwe ndani ya mfuko kwa vidole au kwa koleo la gozi na kutolewa vipande vipande. Mwambie mshika kamera aangalie mfuko kutoka ndani muda wote. Mfuko ukitoboka, vipande hupandikizwa kwenye utando wa tumbo, huota kama bandama ndogo nyingi na kuurudisha ugonjwa. Kwa sababu hiyohiyo, bandama iliyochanika wakati wa kazi huoshwa kwa maji mengi na kila kipande kiokotwe. Ikiwa saratani inashukiwa na maabara inataka kuiona nzima, itolewe kupitia mkato mdogo chini ya tumbo.

Rudi uangalie shina, kongosho, mfuko wa chakula na kiwambo gesi ikiwa imeshushwa hadi 8 mmHg, kwa kuwa shinikizo kubwa huficha vena zinazovuja. Mpira wa kutolea majimaji hauhitajiki kwa kawaida. Uweke tu ukihofia kongosho, na siku ya tatu pima amilesi, kimeng'enya cha kongosho, katika majimaji hayo. Ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha damu, kongosho linavuja. Matundu yote ya milimita 10 kwenda juu yashonwe hadi tabaka la ndani.

Siku za kwanza

Mpira wa puani uondolewe humohumo thieta. Mgonjwa anywe jioni, ale kesho yake, atembee siku ileile. Parasetamoli 1 g kila saa 6 ndiyo msingi, na mofini kidogo kwa anayehitaji. Ile sindano ya diklofenaki ya makalioni iliyozoeleka isitolewe chembe sahani zikiwa bado chini: huzuia chembe kufanya kazi na huacha uvimbe wa damu kwenye msuli. Mwenye selimundu avute pumzi ndefu mara 10 kila saa akiwa macho. Maumivu ya kifua, homa na oksijeni kushuka humaanisha kifua cha selimundu mpaka ithibitishwe vingine.

Chembe sahani hupanda ndani ya siku chache na kufika kileleni kati ya siku ya 7 na ya 14. Zikipita 1,000,000, wengi huanzisha aspirini ya dozi ndogo. Steroidi zipunguzwe hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa. Kuziacha ghafla ni hatari.

Donge la damu kwenye vena ya ini ndilo tatizo linalokosewa zaidi. Aliye hatarini ni mwenye bandama kubwa au ugonjwa wa kuvunjika chembe nyekundu, thalasemia hasa. Mtu mzima apewe enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, 40 mg kwa siku mara damu ikishatulia na chembe sahani zikizidi 50,000, na aliye hatarini zaidi aendelee hadi wiki 4. Akirudi siku ya 5 hadi ya 14 na maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, homa ndogo na kutapika, usimrudishe na dawa ya vidonda vya tumbo. Omba ultrasaundi ya Doppler, inayoonyesha mtiririko wa damu, siku hiyohiyo.

Baada ya mwezi mmoja, maabara itazame damu kwenye kioo na kutafuta vidoti vya Howell-Jolly ndani ya chembe nyekundu, masalia ya kiini ambayo bandama huyaondoa. Vikiwepo, bandama imeondoka kweli. Visipoonekana na ugonjwa umerudi, kuna kipande kilichobaki mahali.

Homa, maisha yote

Tangu King na Shumacker walipoandika mwaka 1952 juu ya watoto waliopata maambukizi makali baada ya kutolewa bandama, imejulikana kuwa mtu huyu anaweza kuamka na mafua asubuhi na kufa usiku. Bakteria mkuu ni nimokoka. Hatari ni kubwa zaidi miaka 2 au 3 ya kwanza, lakini haiishi kamwe. Maambukizi yakishakomaa, hadi nusu ya wagonjwa hufariki hata wakitibiwa.

Penisilini V hunywewa mara mbili kwa siku: 125 mg kwa mtoto chini ya miaka 5, 250 mg kuanzia miaka 5, na 250 hadi 500 mg kwa mtu mzima. Asiyeivumilia apewe erithromaisini. Mtoto aendelee angalau hadi afike umri wa miaka 5, yeye na mtu mzima wote angalau miaka 2 baada ya upasuaji, na mwenye kinga dhaifu maisha yote. Nyumbani kuwe na dozi ya akiba ya amoksilini yenye klavulanati. Joto likifika 38, ameze dozi ya kwanza palepale kisha aende hospitali. Dozi hiyo ni ya njiani.

Daktari unayempokea: chukua damu ya kuotesha ikiwezekana, kisha toa seftriaksoni mshipani papo hapo, 2 g kwa mtu mzima, 50 hadi 100 mg kwa kilo kwa mtoto. Usisubiri majibu. Kipimo cha malaria kifanywe, na kikiwa chanya itibiwe, tena kwa uzito kuliko kawaida kwa kuwa malaria nayo humchachamalia asiye na bandama. Ila kipimo chanya hakifuti seftriaksoni. Kwetu sisi mtu mwenye homa huonekana kuwa na malaria kwanza, na wagonjwa hawa hupotea katika saa sita za kungojea dawa ya malaria ifanye kazi. Kung'atwa na mbwa nako kutibiwe kwa antibiotiki siku ileile, hata jeraha likiwa dogo.

Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na kinga ya malaria ya vidonge ajadiliane na kliniki yake, hasa mwenye selimundu. Awe na kadi pochini, na mtoto awe nayo kwenye begi la shule na nakala kwa mwalimu. Kadi iandikwe kwa herufi kubwa: SINA BANDAMA. HOMA NI DHARURA. SEFTRIAKSONI SASA. Chini yake ziwekwe tarehe ya upasuaji, tarehe za kila chanjo na mwaka wa nyongeza inayofuata, mzio wa dawa kama upo, na simu ya ndugu.